Ndege Aliyetazama Kushoto

Siku mume wangu alipoondoka, alirudi mlangoni mara mbili.

Mara ya kwanza alirudi kuchukua mwavuli. Mara ya pili alirudi kuurudisha, akasema wingu lile ni la kutisha watoto tu. Mvua ikanyesha mpaka jioni. Nilimwekea chakula kikapoa. Nikakipasha, kikapoa tena.

Tangu hapo hajakanyaga kizingiti chetu.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnayajua yaliyofuata. Mliochelewa niwadokeze. Aliaga kwamba anakwenda kununua vipuri vya saa mtaa wa pili. Muuza vipuri akaapa kwamba hakumwona. Mpiga rangi viatu wa stendi akasema alimwona akipanda basi la mji wa mbali, shati jipya mwilini, anatabasamu peke yake. Hospitali za hapa kwetu tulizimaliza zote. Polisi wakaandika, wakatuambia tusubiri. Ndipo wifi yangu alipotoa hukumu, tena mbele ya majirani.

"Kaka yangu hajafa. Kaka yangu kachoka. Mwanamume havai shati jipya kwenda kununua springi."

Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana mbele yangu palikuwa na mambo mawili tu: ama mume wangu amekufa, ama ameniacha. Na mimi, Mungu anisamehe, kila nilipoweka kichwa kwenye mto niliomba asiwe ameniacha.

Sikujua ninachokiomba.

Siku ile aliondoka na saa yake ya mfukoni. Ilikuwa ya fedha, kuukuu, yenye vifuniko viwili. Kifuniko cha mbele kilichongwa majani yanayozunguka ngao ndogo, na katikati ya ngao hamna kitu. Cha nyuma kilikuwa na mbayuwayu amebeba kijiti, anaruka kuelekea kibanda. Nilijua kwamba ikionekana saa, na aliyeondoka nayo ataonekana.

Wiki iliyopita niliishia pale mtu aliyevaa koti la mvua aliposimama kwenye kaunta yetu, akakunjua kitambaa. Leo nieleze kilichokuwa ndani.

*

Sisi tunaishi kwa saa kuukuu. Baba mkwe ndiye Fundi Mkubwa. Mume wangu wateja walimwita Fundi Mdogo, ingawa alimzidi baba yake kwa kichwa kizima. Kazi yangu mimi ni kung'arisha vifuniko na kunakili nakshi zake, ili mteja akitaka ua lililofutika lichongwe upya, fundi awe na mfano.

Na kazi yangu nyingine ni kujibu maswali. Watu huja na saa za mababu zao wakitaka kuambiwa picha zina maana gani. Baba mkwe hakuwahi kuwabembeleza.

"Ukiona treni," huwaambia, "usidhani babu yako alikuwa dereva. Labda alichelewa treni mara nyingi, akanunuliwa saa. Ukiona swala, usidhani alikuwa mwindaji. Na ukiona ngao tupu, jua mwenyewe alimudu saa, hakumudu kuchongewa jina."

Wateja hucheka. Kisha yeye hushika kifuniko, hukipeleka kwenye mwanga na kukisoma kweli: wapi kidole gumba kimekula majani, wapi sarafu za mfukoni zimekwaruza, mkono upi uliishika.

Lakini siku ile baba mkwe hakuwepo. Macho yake yana ukungu, na alikuwa amekwenda kwa daktari. Nilikuwa peke yangu.

"Dada," yule wa koti la mvua alisema, "hapa mnasoma michoro ya saa?"

"Tunatengeneza saa, kaka. Michoro tunaieleza bure."

Akakunjua kitambaa.

Nilishika ukingo wa kaunta. Majani. Ngao tupu. Nikaigeuza. Mbayuwayu, kijiti, kibanda.

"Umeipata wapi hii?"

"Ya marehemu mjomba."

"Mjomba wako nani?"

"Mjomba," akasema. "Ndugu yake mama."

"Maana ya mjomba naijua, kaka."

Akajifuta uso ingawa koti lilimkinga vizuri. "Mimi nataka kujua tu huyu ndege ni wa nini. Ni alama ya chama? Ya ukoo? Nikijua ni wa watu gani..." Akajikatiza. "Nikijua mjomba alikuwa mtu wa watu gani."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye ndege.

Mtauliza ni mke gani asiyeijua saa ya mumewe. Nami nawauliza ninyi: mlango wa nyumba yenu, kitasa kiko upande gani? Umejibu haraka? Sasa jibu tena, ukiwa na hofu, na maisha yako yananing'inia kwenye jibu. Niliiona saa ile miaka yote ya ndoa. Niliisikia ikigonga chini ya mto. Lakini ndege alitazama kushoto au kulia, kichwa changu kilikuwa cheupe.

Na saa za mtindo ule ni nyingi. Zilitoka kiwandani ndugu kwa ndugu, mbayuwayu kwa mbayuwayu. Tofauti ni kwamba kwenye nyingine ndege hutazama huku, kwenye nyingine kule. Mashine ya ndani ni ileile. Na mume wangu, kama seremala ambaye mlango wake mwenyewe haufungiki, hakuwahi kuitia saa yake alama.

Nikakumbuka karatasi.

"Nisubiri kidogo," nikasema.

Kwenye droo ya mume wangu palikuwa na nakala ya ndege wake, aliyoinakili mwenyewe siku chache kabla hajapotea. Niliikuta pale tulipokuwa tunapekua vitu vyake, nikairudisha bila kufikiri.

Kunakili nakshi si kazi ngumu. Unapaka masizi ya mshumaa juu ya kifuniko, unafuta juu juu, masizi yanabaki kwenye mistari. Unabandika karatasi yenye nta, unaibandua. Picha inakuja nzima, ila imegeuka kama kwenye kioo. Kilichokuwa kulia kwenye saa, kwenye karatasi kiko kushoto.

Hili tunalijua kama tunavyojua njia ya jikoni gizani. Mtu wa kazi hii akiona karatasi ya masizi, kichwa kinaigeuza kabla hajakiomba kigeuze.

Kwenye karatasi, ndege alitazama kushoto. Basi kwenye saa ya mume wangu alitazama kulia.

Ndege wa yule mtu alitazama kushoto.

Haikuwa yenyewe.

Niliketi kwenye kigoda. Kama ni faraja iliyonikalisha au ni uchungu, mpaka leo sijui.

"Dada, unaumwa?"

"Hapana. Nilidhani ni saa ninayoijua." Nikajikaza, nikaifanya kazi yangu. "Huyu si wa chama wala ukoo. Zilichongwa nyingi hizi. Ni ndege anayerudi nyumbani."

"Umejuaje kama anarudi? Labda anaondoka."

"Ana kijiti mdomoni. Ndege anayehama habebi kijiti. Anayebeba kijiti anajenga."

Yule mtu akamwinamia ndege. Kisha akasema polepole, kama anayejisomea, "Anajenga."

Akaomba nimsafishie saa. Hasa kwenye mistari, alisema, kwenye mistari ya ndege. Nikaona pia kwamba bawaba ya kifuniko imelegea, nikamwambia Fundi Mkubwa ataikaza akirudi. Akasita. Akaitazama saa kama mtu anayemwacha mgonjwa kwa jirani. Akasema atapitia kabla hatujafunga, akatoka.

Nikaisafisha. Fedha ikisuguliwa hutoa weusi kwenye kitambaa. Hii ilitoa rangi ya kahawia. Nikasema moyoni, itakuwa kutu ya bawaba. Nikasugua mpaka ndege akang'aa.

*

Baba mkwe alirudi na bendeji jicho moja, ameshikwa mkono na wifi yangu.

"Shikamoo, baba. Daktari kasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kasema nisisome. Nikamwambia nilishaacha siku nyingi, sasa nasomewa." Akajipapasia mpaka kwenye kiti chake. "Nani kaja?"

Nikamweleza yote. Wifi alikuwa amesimama mlangoni anakung'uta mwavuli.

"Ona sasa," wifi akasema. "Kila saa atakayoiona mjini ataiita ya kaka. Kesho atamkamata mtu kwa kuvaa shati jipya."

"Nimesema si yenyewe, wifi."

"Hata kama. Mtu aliyekwenda zake umwache aende zake."

"Wewe," baba mkwe akasema, "mwavuli umeshakauka. Nipe hiyo saa, mwanangu."

Nikamwekea kiganjani. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kifuniko cha nyuma, taratibu, kama anavyofanya siku zote tangu macho yaanze kumsaliti. Akafika kwenye mdomo wa ndege. Ukucha ukasimama.

"Anatazama wapi huyu?"

"Kushoto, baba."

"Wa mwanangu alitazama kushoto."

"Baba, kwenye karatasi yake anatazama kushoto. Kwa hiyo kwenye saa..."

"Nimekuelewa. Lete karatasi."

Nikaileta. Hakuitazama. Aliipapasa, akaipeleka puani, akaisugua pembeni kwa kidole, akakiinua kidole kwenye jicho lake zima.

"Masizi yako wapi?"

"Yapo, baba. Ni hafifu kidogo."

"Karatasi iliyolala juu ya saa hutoka nyeusi kama sufuria. Hii ni kijivu. Hii haikulala juu ya saa, mwanangu. Imelala juu ya karatasi nyingine."

Nilielewa kabla hajamaliza, nikatamani nisielewe. Karatasi ya kwanza hugeuza picha. Ukiibandika mbichi juu ya karatasi ya pili, ya pili huigeuza tena, ikarudi kama ilivyo kwenye saa. Ndege wa karatasi ile hakuwa wa kugeuzwa. Alikuwa anatazama kushoto kwa sababu ndege wa mume wangu alitazama kushoto.

Mtu yeyote wa barabarani ningempa saa ile na karatasi ile, mtoto wa shule, muuza karanga, angesema: ni ndege mmoja. Mimi niliyesomea ndiye niliyekosea.

"Kwa nini apige ya pili?" niliuliza. Sauti haikuwa yangu. "Sisi hatupigi ya pili."

Baba mkwe aliiweka karatasi mezani.

"Hupigwa kwa jambo moja. Ukitaka kuchonga ndege yuleyule kwenye saa nyingine, unaibandika ile ya kwanza kwenye fedha, anatoka kama alivyo. Ukiibandika ya pili, anatoka amegeuka. Anatazama upande wa pili." Akaviweka viganja vyake viwili mezani, kimoja kando ya kingine. "Hapo ukizilaza saa mbili hivi, ndege wanatazamana."



"Mama yenu," akaendelea, "nilimchongea hivyo. Alizikwa nayo. Hakuna aliyejua isipokuwa huyo mwanangu, alinishikia taa."

Nilimtazama wifi yangu. Mwavuli ulikuwa umemtoka mkononi.

Mume wangu alikuwa anatafuta saa ya pili. Alivaa shati jipya kwenda kunitafutia saa. Alipanda basi anatabasamu peke yake kwa sababu alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa mimi.

Hakuwa ameniacha. Ombi langu lilikuwa limejibiwa.

Basi kati ya yale mambo mawili, kulibaki moja.

*

"Huyo mtu ni mwizi," wifi akasema. Sauti ilikuwa imepasuka, lakini maneno yalikuwa yaleyale makali, maana hana mengine. "Kamuua kaka yangu, kachukua saa. Na wewe umemsafishia! Naita polisi."

"Wifi, subiri."

"Nisubiri nini? Akija namfungia humu kwa kufuli."

"Wifi, sikiliza. Huyo ndiye mtu pekee duniani anayejua saa ilikotoka. Ukimtisha akakimbia, nitakuwa nimempoteza mume wangu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wako."

"Kaa chini," baba mkwe akamwambia binti yake. "Na hilo kufuli lirudishe. Tangu lini ulilijua linapokaa?"

Akakaa, kufuli mapajani.

Mvua ilikuwa imezidi. Kila aliyepita dirishani na koti nilisimama. Akapita mwalimu. Akapita mtu na gunia kichwani. Duka la mkabala likashusha mlango wake, na la pili yake. Baba mkwe alikaza bawaba kwa kupapasa, akamaliza, akailegeza, akaikaza tena. Nilikishika kile kitambaa nilichosafishia. Niliangalia ile rangi ya kahawia, nikaangalia pini ya bawaba. Pini ilikuwa safi. Haikuwa na kutu hata chembe.

Nilikikunja kile kitambaa ndani kwa ndani, nikakitia kifuani. Sikumwambia mtu.

Kisha akaja.

Alisimama mlangoni, akatuona watatu tulivyomtazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwizi mkubwa we!" wifi akaruka.

Yule mtu akageuka. Sikumbuki nilivyoizunguka kaunta. Nilikuwa nje mvuani, nimemshika koti kwa mikono miwili, naye anavuta.

"Dada, niache! Sikuiba!"

"Sijasema umeiba. Kaka, sijasema. Nilikosea mimi. Nilikwambia si saa ninayoijua. Ni ya mume wangu."

Akaacha kuvuta.

Alinitazama kwa muda, maji yakimtiririka kwenye kope. Koti likamlegea mabegani kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimepita maduka yote ya njiani," akasema. "Kila mji. Kila fundi. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ndege yule anajenga. Nilivyotoka hapa nilikaa stendi nalia, sijui kwa nini."

"Mjomba?"

"Sina mjomba, dada."

Tukamwingiza ndani. Wifi, yuleyule wa kufuli, alimpa kiti chake.

Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, katika hospitali ya mji ule wa mbali. Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Basi la kuja huku lilipinduka kwenye mvua, likashika moto. Waliokufa na waliopona waliletwa kwenye lori moja, na vitu vyao vikakusanywa kwenye gunia moja. Ndugu wakaja, wakatambua watu wao, wakachukua. Saa haikutambuliwa na mtu. Mkubwa wake alimwambia aipeleke stoo.

"Stoo yetu naijua," akasema. "Kitu kikiingia kizuri, hakitoki. Nikaipeleka kwangu. Baadaye nikaogopa, nitasemaje? Nikajisemea, hii picha lazima ni alama ya watu fulani. Nikiwajua hao watu, nimempata mwenyewe. Nilitaka isafishwe ili mtu wake asije kuiona vile ilivyokuwa."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nami sikugusa kifua changu.

"Zilikuwa mbili," akaongeza.

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya dukani, pembe zake zimeungua. Akakiweka mbele yangu.

Ilikuwa saa ya kike, ndogo, ya fedha. Nikaifungua karatasi. Kifuniko chake cha mbele kilikuwa laini. Nikaigeuza, nikijua. Cha nyuma kilikuwa laini pia, hakina mstari hata mmoja, kama uso wa maji kabla hujatia mkono.

Baba mkwe akanyoosha kidole, akakipitisha juu yake mara moja, akakirudisha.

"Fedha nzuri," akasema, akageuza uso kwenye ukuta.

Wifi yangu akanikamata shingoni, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Wifi yangu, nisamehe. Wifi yangu."

Nilimwacha alie. Mimi nilikuwa namtazama yule mhudumu, kwa maana hakuwa na sura ya mtu aliyemaliza.

"Kaka," nikamwambia. "Sema lililobaki."

"Waliobaki bila ndugu ni wawili, dada," akasema. "Wanaume wote, umri kama mmoja. Kimo kama kimoja. Moto uliwaharibu nyuso. Na saa zilikuwa za gunia, hatujui zilitoka mfuko wa nani." Akainua kichwa. "Mmoja ninaye mimi."

"Na wa pili?"

"Wa pili yuko wodini. Anapumua. Hajasema neno tangu aletwe."



"Twende sasa hivi," wifi akasema.

"Mabasi yameisha, dada. La kwanza ni alfajiri. Tutakwenda wote, nitawapokelea mizigo." Kisha akanigeukia, akasema kwa upole, kama anayeomba radhi kwa utaratibu ambao hakuuweka yeye. "Wodini wageni huingia mchana. Kwangu hufunguliwa asubuhi."